Bibi keshapiga pasi baibui kwa arusi ambayo haipo

Assalaam alaikum jamani. Admin, jina langu ubaki nalo wewe, maana mtaani kwetu hata kikohozi watu wanajua cha nani. Mie ni mama wa miaka ishirini na nne, nna mtoto mmoja wa kike, ndo kwanza anaanza kutembea. Shule niliishia kidato cha pili, nikikosea mnisamehe.

Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, ghorofa ya juu ya nyumba ya urithi Mji Mkongwe wa Unguja, upande wa Malindi. Warithi wametawanyika na hawaelewani nani aitengeneze, boriti zimeoza. Masika haya donge la mawe na chokaa lilianguka pale pale ninapomlaza mwanangu mchana. Alhamdulillah nilikuwa nimetoka kumnyanyua nikamwoshe.

Mume wangu anafanya kazi hoteli Kiwengwa, na kajenga nyumba yetu Kidichi kwa jasho lake. Akaniambia, "Mwanangu halali tena mle. Na Bibi mchukue, mie simwachi afukiwe." Ni mume mwema wallahi, msimseme vibaya.

Tukahamia Kidichi, na Bibi tukamchukua. Alikuja na nguo zake na kikapu chake. Hicho kikapu lazima niwaeleze. Pale mjini Bibi hashuki ngazi, magoti hayamtaki. Kila asubuhi hukiteremsha kwa kamba dirishani, muuza mkate akamtilia boflo. Kikichelewa utamsikia kule chini, "Bi Mkubwa! Kimya hicho, au ushaolewa?" Naye humjibu, "Ningeolewa ningekuita ubebe masinia!" Mtaa mzima hucheka. Mwaka jana mie nikiwa kwa wakwe zangu, presha ilimwangusha, kikapu hakikushuka, na huyo huyo muuza mkate ndiye aliyepanda mbio akamkuta sakafuni.

Kidichi nyumba ziko mbalimbali, mikarafuu katikati. Bibi kakitundika kikapu kwenye nondo za dirisha, akawa anakitazama tu. Siku moja nimerudi kliniki na mtoto, napiga hodi, kimya. Nasukuma, mlango hauendi. Kaukingia meza.

"Nani?"

"Mie Bibi, mwanao."

"Sema jina la mama yako!"

Mama yangu marehemu. Nikalitaja huku nalia, ndo akafungua, kashika mchi wa kinu mkononi. Akaniambia, "Huku nikipiga ukelele watanijibu kunguru. Nrejeshe kwangu." Akagoma kula mpaka tukamrejesha.

Sasa yuko peke yake chini ya dari lile, sie tuko huku. Muuza mkate hunipigia kila asubuhi, "Dada, kimeshuka." Kabla hajanipigia hata chai hainipiti. Na mvua bado zinanyesha.

Mume wangu kachoka kuniona hivi. Kampigia Bibi, kamdanganya kuwa mdogo wake yeye mume wangu anaoa, gari litamfuata. Akishatoka mlango unatiwa kufuli, hatorudi tena. Kisha akanigeukia mie, "Ukimwambia, dari likimwangukia ujue ni wewe."

Jana Bibi kanipigia, sauti ya furaha mpaka nikaona haya. "Mwanangu, nivae kanga gani? Baibui nshalipiga pasi. Na mnrejeshe mapema, kikapu nitakiacha dirishani."

Nikamwambia, "Sawa Bibi." Basi.

Nimesikia kuna chumba cha chini kinapangishwa mtaa ule ule, ukuta imara, mlango unatazama njia anayopita muuza mkate. Nna matumaini Bibi atakipenda. Kikapu atakitundika mlangoni, kisipoonekana watu wabishe hodi. Lakini mume wangu anasema yeye hakujenga nyumba ili bibi wa mkewe akapange, watu watamcheka.

Gari linakwenda kesho asubuhi. Nimwambie Bibi ukweli, akatae kutoka na alale tena chini ya boriti zile? Au ninyamaze, apande gari akidhani anakwenda kupiga vigelegele? Mama yangu hayupo nimuulize, ndo nawauliza nyinyi. Nifanye nini jamani? Mwenye bibi anijibu leo, kabla hajavaa lile baibui.