Kamba ya Mjomba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutii. Nyoka kifutu aliniuma mkono wa kulia nikizoa majani chini ya mikorosho, Chilangala, mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Mjomba, kaka yake mama, alinifunga kamba ya gome juu ya kiwiko, akaikaza kwa goti. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba yangu alisimama pembeni kama mgeni. Vidole vilipoanza kuwa vyeusi niliomba kamba ilegezwe.

"Ukifungua, sumu itapanda moyoni," mjomba alisema. "Unataka kunibebesha msiba?"

Ningeweza kuifungua mwenyewe kwa meno. Sikuifungua. Kesho yake mchana nilipata lori lililokuwa limeleta wakimbizi wa ng'ambo ya Ruvuma, likanishusha hospitalini Masasi. Mganga aliikata kamba kwanza, ndipo akaniuliza jina.

"Nyoka amekuumiza," alisema, "lakini hii ndiyo iliyokumaliza."

Walikata vidole viwili. Vilivyobaki vilijikunja kama makucha ya kuku, na ukungu wa Newala ukishuka mkono huvimba hadi leo, ngozi ikawasha na kuchubuka. Mwandiko nilikuwa nimejifundisha peke yangu, pembezoni mwa magazeti ya kufungia sukari, herufi moja mara mia. Wote ukapotea.

Kisomo cha watu wazima kilipoanza niliombwa nifundishe. Mjomba naye akaja, akakaa mbele. Wiki nzima sikula vizuri, nikimtungia sentensi yake. Niliiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, nikaifuta mara nne kwa sababu mstari ulipinda. Kisasi changu nilitaka kinyooke.

"Shikamoo, mjomba. Hebu tusomee."

"Marahaba. Ka-mba... i-li-u-a... vi-do-le."

Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, hili ni somo au ni fimbo?"

Mjomba alinitazama. "Nimesoma sawasawa?"

"Sawasawa. Rudia."

Alirudia mara tatu, kila mara kwa ufasaha zaidi. Hakuomba radhi. Nilifurahi, nakiri, furaha mbaya, na ningepata nafasi ningemsomesha tena mara ya nne.

Hajarudi darasani tangu siku hiyo. Vidole havijanyooka. Naandika kwa kushoto, sijamsamehe, na mjomba haniamuru tena jambo lolote.