Mpira Uliozimwa Sauti

Nimepanga vyumba katika miji mingi tangu nitoke pwani, na kila mahali huwasha redio kabla ya kuvua viatu. Siipendi nyumba iliyonyamaza. Hofu hiyo niliipata Ukunda, nyumbani kwa shangazi, nikiwa na miaka kumi na miwili.

Baba alikuwa amenipeleka huko kutoka Kibuyuni ili nisome. Kisha mume wa shangazi akafariki, na shangazi akaingia eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, bila mapambo, bila muziki, televisheni imefunikwa shuka. Nyuma ya televisheni hiyo ilikuwepo gemu ya kaseti ambayo marehemu alipewa na mgeni wa hoteli huko Diani, alikokuwa akifanya kazi. Kaseti ilikuwa moja tu, ya mpira: timu mbili za vijitu vya miguu mifupi, na golikipa mfano wa kiberiti kilichosimamishwa.

Wiki ya tatu binti ya shangazi, tuliyelingana naye umri, aliiondoa shuka.

"Baba aliniletea mimi," alisema.

Tukawa tunacheza kila adhuhuri shangazi akijilaza, sauti tumeizima kabisa, vitufe pekee vikigonga chini ya vidole. Nilijua nikikamatwa nitarudishwa Kibuyuni siku hiyo hiyo, na shule ndiyo basi. Hata hivyo nilicheza.

Siku ya nne alinifunga tena. "La tatu hilo," alininong'oneza. "Nyinyi wa Kibuyuni mwajua pweza tu."

"Nyamaza, mama yako ataamka!"

"Mwoga wewe. Cheza."

Nilikuwa nimebaki na golikipa wake peke yake pazia liliposogea. Shangazi alisimama mlangoni na nguo zake nyeupe, mwiko mkononi. Niliinuka nikingoja kipigo. Lakini mwiko hakuuinua; alitutazama mmoja mmoja.

"Ni nyinyi?" aliuliza. "Wallahi ni nyinyi?"

"Ni sisi, shangazi."

Aliketi sakafuni palepale. Alisema siku zote hizo alisikia tik, tik, tik sebuleni, pale mumewe alipozoea kukaa na tasbihi yake baada ya swala, naye akajifunika gubigubi asithubutu kutoka.

"Fungueni sauti," alisema. "Kidogo, majirani wasisikie. Nijue ni nyinyi."

Hakurudi kulala. Alitazama vidole vyetu, si mpira, na kila tulipotulia aliinua kichwa akisikiliza kama ile tik itaendelea bila sisi. Basi tukaogopa kuacha kucheza.