Nyumba Inauzwa na Mwenyewe

Watu wa mtaa ule walimwita Bi Pindo, na jina hilo hakupewa bure. Miaka arobaini na mmoja alikaa nyuma ya cherehani, na suruali iliyopita mikononi mwake ilichakaa magoti, ikachakaa makalio, ikageuzwa tambara la deki, lakini pindo lake halikufumuka. Alikuwa na ujanja wake. Akifika mwisho wa mshono alirudi nyuma hatua tatu, kisha akapiga fundo dogo kwa ndani, pembeni kabisa, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Ujanja huo hakumfundisha mtu.

Sasa magoti yake mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yanafumuka. Nyumba ilikaa juu ya mwinuko, na kutoka barabarani hadi mlangoni palikuwa na ngazi kumi na nne za saruji. Marehemu mumewe alizijenga kwa mikono yake, na ya tisa aliikosea ikawa ndefu kuliko wenzake. Bi Pindo akifika hiyo ya tisa siku hizi alisimama, akamsema marehemu kidogo, ndipo akaendelea.

Mdogo wake, mjane aliyeishi mji mwingine, alimpigia simu kila Jumapili. "Dada, njoo tuzeeke pamoja. Chumba kipo, ngazi hakuna."

"Nitakuja. Lakini siji mikono mitupu."

Alishawaona wazee waliohamia kwa ndugu zao wakiwa hawana kitu. Alijua wanavyokalishwa kwenye kiti cha mlangoni, na wanavyouliza kwa sauti ndogo kama chai imebaki. Yeye angeuza nyumba kwa bei yake kamili, aende na pesa yake, alale kwenye godoro lake na anywe sukari yake, na siku akiudhika aweze kununa kwa raha zake. Alichotaka ni hicho tu.

Wa kwanza kunusa habari alikuwa dalali waliyemwita Funguo, kwa sababu kiunoni alining'iniza kitita cha funguo za nyumba zisizo zake. Marashi yake yalipanda ngazi kabla yake. Alikuwa mteja wa zamani. Kazi ya mwisho kabisa ya Bi Pindo, kabla hajaifunika cherehani kwa shuka, ilikuwa kumkunjia Funguo suruali ya kijivu, maana miguu yake ilikuwa mifupi kama ya kigoda. Hata asante hakusema.

Akazunguka vyumba vitatu mikono nyuma, kama daktari mwenye haraka.

"Ule ufa, mama, sukumia kabati pale mbele. Dari lile lipake rangi hata leo. Mnunuzi akishalipa, ufa ni wake."

"Yaani nimwibie mtu?"

"Nani kasema kuiba? Hiyo ni biashara, mama. Wewe niachie mimi, nitakupatia mtu, na fungu langu sitasumbua."

Bi Pindo alikunja uso kama aliyetafuna kidonge. "Toka. Na hayo marashi utoke nayo, usiyaache kwenye pazia langu."

Funguo alicheka, funguo zikacheka naye. "Utanitafuta mwenyewe, bibi."

Alipotoka, Bi Pindo alifungua madirisha yote. Kisha akaifunua cherehani, akachukua kipande cha kaki kilichobaki kwenye sare za shule, akashona herufi kwa uzi mweusi: NYUMBA HII INAUZWA NA MWENYEWE. DALALI ASIGONGE. Kila herufi aliipitia mara mbili. Chini yake akashona bei, kisha akakitundika kitambaa hicho getini.

Halafu akafanya jambo ambalo ni fundi wa nguo peke yake angelifanya. Kwenye kazi yake, kabla ya kutia mkasi, kitambaa hutandazwa mbele ya mwenyewe, na kila doa na kila tundu huzungushiwa chaki. Mnakubaliana hapo hapo, na baadaye hakuna wa kusema hukuniambia. Basi alichukua chaki yake ya kushonea, akapanda kiti, akashuka kiti, akazungushia kila kasoro ya nyumba: ufa wa sebuleni, unyevu nyuma ya bafu, bati lililovuja, kitasa kilicholegea, mchwa wa fremu ya dirisha. Duara ishirini na tatu. Nyumba ikawa kama mtoto aliyetokwa na surua.

Alichosahau ni kimoja. Nguo ni mali ya mteja, na mteja hukionea huruma kitambaa chake. Nyumba ilikuwa bado mali yake yeye, na wanaokuja hawakuwa na huruma nayo hata chembe.

Wakaja. Jamani, wakaja! Alikuja mwanamume aliyechomeka ufunguo wa gari ndani ya ufa akauchokonoa mpaka plasta ikamwagika, kisha akapangusa kidole chake kwenye pazia. Akaja mwingine akaomba kwenda chooni, akakaa humo kama amepanga, akatoka bila kumwaga maji, na bado akasema bomba halina nguvu. Akaja mama mmoja akafunua sufuria jikoni, akakoroga, akaonja, akarudishia kijiko kile kile ndani. "Chumvi kidogo," akasema. Bi Pindo alimwaga chakula chote kwa paka, na paka naye akakitazama mara mbili.

Wengine walikuja kupiga picha tu. Walisimama mbele ya duara wakicheka, simu juu. "Bibi, hii nyumba unauza au unaipeleka hospitali?" Kila mmoja alizihesabu duara kwa kidole, na kila duara ikawa sababu ya kukata bei. Ukweli alioutandaza kwa heshima, wao waliufutia miguu.

Siku ya tisa alifika mwanamke wa visigino virefu, na nyuma yake mume asiyesema. Hakusalimu vizuri wala hakuvua viatu. Kok, kok, kok, sakafu nyekundu iliyosuguliwa miaka thelathini ikaingia vidoti. Akasimama chumbani kwa Bi Pindo, mbele ya kitanda chake, akapunga mkono. "Huu ukuta unaondoka. Ule pia. Kwanza vyote vinaondoka."

"Vyote vipi?"

"Mama, mimi nataka kiwanja. Nyumba nabomoa. Bei yako nimeisoma getini, sina shida nayo."

Damu ilimchemka Bi Pindo. "Nyumba hii nimeijenga kwa sare za watoto wa watu, sindano moja moja. Shuka ngazi zangu! Hata ukija na pesa kwenye toroli sikuuzii."

"Sawa," mwanamke akasema, akamwachia namba ya simu juu ya cherehani, akashuka. Kok, kok, kok.

Baada ya hapo pakapita wiki mbili kavu. Mdogo wake akapiga simu. "Dada, njoo hivyo hivyo tu."

"Hivyo hivyo haji mtu," akajibu, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Ndipo akaja mstaarabu. Kijana wa makamo, mrefu, mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Shikamoo yake ilikuwa na uzito. Aliigusa cherehani kama anagusa bega la mtu. "Mama yangu," akasema, "hii kona mimi siigusi. Watoto wangu nitawaonyesha: hapa alikaa fundi. Nyumba hii nitailea kama ulivyoilea."

Mwanamke wa watu moyo ukamlainika. Mara ya kwanza tangu atundike kitambaa, aliweka chai.

"Tatizo ni hizi duara, mama yangu," mstaarabu akasema, macho chini kwa uchungu. "Mimi nikijikaza sana, nitatoa nusu. Lakini itakuwa nusu yenye upendo."

Nusu! Nusu ilikuwa godoro bila sukari. Hata hivyo Bi Pindo akaanza kupima moyoni. Labda afadhali nusu kwa mtu, kuliko bei nzima kwa wanyama wale. Mstaarabu akanywa chai, akakunja nne, suruali ikapanda juu ya kifundo cha mguu. Ilikuwa ya kijivu. Fupi, na mtu mrefu.

Bi Pindo alitazama ule mguu. Kisha akaangusha makusudi subana yake, kile kikofia cha kidole cha fundi, akainama kuiokota, magoti yakilia, na kwa kidole kimoja akalipindua pindo. Uzi ulikuwa umekolea kidogo kuliko kitambaa, kwa sababu siku ile uzi wa rangi yenyewe ulikuwa umemwishia. Na pembeni kabisa, hatua tatu nyuma, fundo.

Alibaki amechuchumaa.

"Baba, hii suruali ni yako?"

"Yangu, mama yangu."

"Umeinunua wapi?"

"Aa... zawadi."

"Zawadi. Mbona mguu ni wako na vipimo ni vya Funguo?"

Kikombe kikalia kwenye kisahani. Upole wote ulimtoka mstaarabu kama hewa kwenye mpira. "Mama, mimi nimetumwa tu. Alisema nikulainishe hadi nusu, yeye anunue, aizungushe kwa mtu mwingine. Suruali yangu ilikuwa na kiraka, akasema hutaniamini."

"Simama."

Akasimama. Bi Pindo akachukua mkasi mdogo, na mtu mzima yule, kwa woga au kwa aibu, hakuthubutu kusogea. Kraa, kraa, kraa. Akalifumua pindo la kulia, akalifumua la kushoto, kitambaa kikaning'inia hadi unyayoni kikiwa na mikunjo ya zamani na vumbi la ndani.

"Mpelekee. Mwambie pindo langu la kwanza kufumuka, nimelifumua mimi mwenyewe."

Alimsikiliza akijikwaa ngazi ya tisa. Chai akaimwaga. Kikombe akakisugua kwa majivu mara tatu, na hakikumridhisha, akakitupa. Kilichomchefua zaidi hakikuwa yule kijana wala aliyemtuma. Ilikuwa ile dakika yake mwenyewe ya kupima moyoni. Tena kwa kuitwa mama yangu!

Akaitafuta namba juu ya cherehani.

"Wewe wa visigino. Bado unabomoa?"

"Bado, mama."

"Na zile duara, utanikatia bei?"

"Duara gani?"

"Za chaki, ukutani! Ishirini na tatu!"

"Mama, mimi sikuangalia kuta."

Bi Pindo akafumba macho. Mtu huyu hakuona kitu, hakupenda kitu, na hakumwongopea hata neno. "Njoo na wakili," akasema.

Waliandikishana Jumatano, bei kamili, hakuna wa katikati. Siku ya kukabidhi, tangu asubuhi alifuta duara zote kwa kitambaa cha maji, akapiga deki vyumba vitatu na ngazi kumi na nne, nyumba ya kubomolewa ikang'aa kama ya bibi harusi. Mwanamke wa visigino alifika sakafu ikiwa mbichi. Kok, kok, kok, akapita katikati akiongea na simu, matope yakimfuata. Bi Pindo alimwekea funguo dirishani. Mkononi hakutaka kumpa.

Kule kwa mdogo wake, kitu cha kwanza aliuliza duka la magodoro liko wapi. Jioni ile alikaa juu ya godoro lake jipya, nailoni bado haijavuliwa, pakiti ya sukari pembeni, kile kitambaa cha kaki cha getini mapajani.

"Nani amenunua, dada?"

"Mtu mmoja asiyefuta miguu," Bi Pindo akasema, akaingiza ncha ya sindano chini ya herufi ya kwanza na kuanza kufumua, maana uzi ulikuwa bado mzuri.