Nilipojifunza Kukinga

Harufu ya achari ya embe ikiingia katika duka langu la kompyuta, nililolifungua kwa diploma na jasho langu mwenyewe, narudi kwa mawazo utotoni, hadi chumba cha gemu chenye kuta za chokaa, kilichonukia achari hiyohiyo. Binamu yangu ananipiga kwenye skrini, nami kwa hofu nabonyeza vitufe vyote.

"Wapiga kinanda?" ananicheka.

Nikishindwa, naachia pedi ya kuchezea, kwani anayeshindwa humpisha mwingine.

Adhana ya alasiri ikaita. Mchezo ukasimamishwa, tukaenda kuswali. Katika safu ya swala pumzi zangu zikatulia kama maji ya birika. Tuliporudi na zamu yangu ikafika, nikawa nakinga mapigo yake tu.

"Mbona hupigi, bwana?"

"Nakungoja."

Akarusha mateke hovyo, akajiacha wazi. Nikampiga moja tu, akaanguka. Akaachia pedi, akabaki akiitazama mikono yangu.