Bati Juu ya Bomba la Moshi

Albertine amepika katika jumba lile la mtaa wa Golf kwa miaka ishirini na mitatu, chini ya matajiri wanne, na hakuna aliyewahi kumsikia akikataa kitu. Kambale, huyo wa nne, alilisikia "hapana" lake la kwanza Juni hii, baridi ilipoanza kuuma.

Kambale anauza unga kwa jumla, katoka Butembo. Mtu mwema, ila kushauriwa hataki kabisa! Aliponunua nyumba alichukizwa na njiwa waliotaga kwenye bomba la moshi, akaliziba juu kwa bati. Sasa mama yake, Mbambu, alikuwa anatetemeka sebuleni, Kambale akaagiza mbabula, lile jiko la makala, yaani makaa, iwekwe ndani ya shemine, meko ya ukutani, na madirisha yafungwe yote.

"Hapana," Albertine akasema. "Bomba uliliziba, patron."

"Makala ayina moshi, Mama Albertine! Unaogopa nini?"

Eti haina moshi! Ndivyo alivyosema Chama, kaka yake Albertine, kule mtaa wa Hewa Bora, akaingiza mbabula chumbani, akafunga mlango. Asubuhi walimkuta yeye na mkewe wamekauka kitandani, hewa ya makaa imewaua. Na ukoo mzima, bila haya, ukamgeukia shangazi yao maskini, ukamwita mchawi, ukamfukuza. Hasira ile Albertine hajaimeza mpaka leo.

Akachukua sufuria ya maji, akaimwagia mbabula iliyokwisha kuwashwa. Chwaa! Majivu yakaruka hadi kwenye kapeti.

"Nimekufukuza kazi!"

"Sawa."

Akatoka, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, na miaka yake hamsini na minane, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Shuka! Sikukufukuza?"

"Ulinifukuza mu nyumba, patron. Apa niko ku paa!"

Majirani waliokuja kuchungulia wakaangua kicheko. Bati akaling'oa. Akateremsha kamba yenye jiwe na fungu la matawi, akasugua juu chini, juu chini, mpaka viota na masizi vikaporomoka sebuleni. Kambale akafoka. Mama yake, aliyetoka uani kajifunika blanketi, akamkatiza.

"Kambale, nyamaza. Mwenye kuota ule moto ni miye."

Albertine akashuka mweusi tii, akazoa uchafu wote, akawasha gazeti ndani ya shemine. Moshi ukasitasita, kisha ukapanda wote. Akaacha dirisha moja wazi kidogo, akamgeukia tajiri wake.

"Aya, patron. Sasa unifukuze."