Makofi ya Korti ya Koboko

Juzi nilikuwa nabishania bei ya sabuni dukani nilipomwona kwenye televisheni hakimu wetu wa zamani, akiapishwa kuwa jaji mkubwa. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni nje ya korti ya Koboko, ufuta ukikaangwa jirani.

Siku ile alikuwa asome hukumu ya kiwanja chetu, ambacho mdogo wa marehemu baba alikuwa amekikalia. Karani akatoka.

"Mheshimiwa amepandishwa cheo. Sasa iko Kampala."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga kuliko wote: mtu wetu amepanda, atatuvuta. Mama alipolia, nikadhani ni furaha.

"Mama, tumeshinda?"

"Hakimu ndiye ameshinda."

Baba mdogo akacheka. "Shemeji, karibu chai nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Sikujua kwamba hakimu mpya husikiliza mashahidi upya. Tangu hapo wamepanda mahakimu wengine watatu, kabla ya hukumu. Mashahidi wetu wawili wamekufa.

Jana nilimweleza mama habari za yule jaji. Hakushangaa. Aliuliza kuhusu hakimu aliyeletwa mwezi huu.

"Ni kijana, mama. Wanasema hodari sana."

"Hodari?" Akashusha pumzi. "Basi naye hatakaa."