Picha Aliyoibana Restituta

Mimi nashona sare za shule na vitenge vya WAWATA, wale kina mama wa Kanisa Katoliki, kwenye baraza moja na Restituta Kapinga, karibu na stendi ya Mbinga. Yeye ana steshenari: meza mbili, kompyuta moja, printa yenye maringo, na ubao alioandika kwa mkono wake, "Tunapunguza ukubwa wa picha bila kupoteza ubora". Nilimtania sana kwa ubao ule. Nilimwambia aanze na kiuno changu.

Kazi yake lakini anaijua. Mtoto anayeomba chuo akija na picha ya cheti iliyokataliwa na mtandao kwa uzito, Restituta hukata kwanza pembeni, yaani meza, kitambaa cha meza na vidole vya baba aliyeshika cheti. Kisha hupunguza uzito kidogo kidogo, huku akiikuza na kuukagua muhuri, utadhani mtu anaonja chumvi. Muhuri ukianza kufifia, anarudi nyuma hatua moja. Na picha ya kwanza haigusi kabisa, anafanyia kazi nakala.

Hilo la kutogusa picha ya kwanza hakuanza nalo. Alijifunza kwa Mzee Othmar wa Kingerikiti, nami nilikuwepo.

Huku kwetu simu zinajaa misiba na jubilei. Padri akitimiza miaka ishirini na tano, kila aliyekula pilau anatuma picha arobaini kwenye kundi la jumuiya. Basi msimu mmoja wa kahawa simu ya Mzee Othmar ilijaa hadi ikawa haipokei tena matangazo ya chama cha msingi cha wakulima kuhusu mnada wa kahawa. Akaileta kwa Restituta. Siku hiyo foleni ilifika kwenye cherehani yangu, na Restituta akafanya kama alivyowafanyia wazee wote: akazibana picha zote kwa mpigo, mpaka chini kabisa, zile ndogo zikakaa mahali pa zile kubwa. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Mzee alifurahi, na safari iliyofuata alimletea mkungu wa ndizi.

Mwaka uliofuata, mwezi Juni, mkewe Benadetha akafariki. Mwaka mwingine ulipotimia, Mzee Othmar akasimama tena barazani, kofia mkononi. Familia ilikuwa inaandaa misa ya kubariki msalaba, na fundi alikuwa ameacha nafasi kwenye msalaba wa saruji, ukubwa wa daftari la shule, ya kuweka picha ya marehemu. Picha ya maana ilikuwa moja tu, Benadetha kati ya mibuni yake, amevaa kitenge cha WAWATA nilichomshonea mimi, anacheka. Mama yule hakupenda kupigwa picha. Nyingine zote amegeuza uso.

"Nataka atoke mkubwa, Mama Flaviani," mzee alimwambia Restituta. "Watu wamwone tangu barabarani."

Restituta akaifungua picha kwenye kompyuta, akaikuza. Uso ukavunjika vipande vya mraba, macho yakabaki madoa mawili. Akairudisha, akaikuza tena. Akapekua simu yote. Akampigia Walburga, binti wa mzee aliyeolewa Chiwanda, lakini naye alikuwa na hiyohiyo, aliyotumiwa na baba yake baada ya kubanwa.

Nilisimamisha cherehani. Nilijua ameshaelewa, maana shingo yake ilikuwa inatoka jasho, na baridi ya Juni ya Mbinga mnaijua. Angeweza kusema simu ni ya zamani, kamera mbovu, na mzee angeamini. Mimi, nisifiche, ningesema hivyo na kulala usingizi wangu.

"Baba," alisema, "picha hii niliiharibu mimi. Siku ile ulipoleta simu ilikuwa kubwa na safi. Nikaweka ndogo mahali pake. Siwezi kuirudisha."

Mzee alikaa kwenye benchi. Akauliza kama hakuna mashine huko Songea ya kuikuza.

"Hata hii yangu inaweza kumtengenezea uso mkubwa," Restituta akasema. "Lakini itakuwa inabuni. Atatoka mama anayefanana naye."

"Huyo simjui," mzee akajibu. "Hii yenyewe, bila kuharibika, inatoka kiasi gani?"

Restituta akatafuta, akamwonyesha kwenye karatasi. Ilikuwa sawa na kiberiti. Mzee aliitazama sana, akasema atoe hiyo. Aliondoka bila kuaga, na niliwaonea huruma wote wawili. Jioni ile Restituta aliushusha ubao wake, akauegemeza ukutani umegeuka nyuma. Sikumtania.

Siku ya misa tulikwenda Kingerikiti wote wawili, yeye kwa kusukumwa na mimi. Fundi alikuwa ameziba ile nafasi kwa saruji, akaacha kidirisha kidogo chenye kioo. Kutoka barabarani huoni kitu, ni msalaba tu. Nilimwona Restituta ameinamisha kichwa, nikajua anachowaza.

Padri alipomaliza kubariki, watu walianza kupita. Hapo ndipo nilipoona jambo. Kwenye makaburi mengine watu hutupia jicho na kuendelea. Hapa kila mmoja alilazimika kupiga magoti kwenye udongo na kusogeza uso hadi karibu na kioo, na akishamwona Benadetha anacheka, hakuinuka haraka. Mimi mwenyewe nilikiona kitenge changu, hata mshono wa kola, nikalia.

Restituta alibaki nyuma ya watu wote. Mzee Othmar akamfuata hukohuko, akamshika mkono kama mtu anayemvusha mgonjwa, akamleta mpaka mbele ya msalaba.

"Piga magoti, mwanangu," alimwambia. "Ukimsogelea, hajaharibika."